Marehemu wa Kipindi cha Jumamosi

Tarehe 4 Machi

Kwako Chumvi,

Barua hii nimemkabidhi mlinzi wa geti la kituo chenu cha runinga, mkono kwa mkono, kwa sababu simu yako haipokei namba yangu tangu Desemba, na dada wa mapokezi ameniambia mara tatu kwamba uko kwenye kikao. Mlinzi alinikumbuka. Aliwahi kutuona tukichekesha kwenye harusi ya dada yake. Akaniuliza, "Mbona siku hizi mwenzako yuko peke yake?" Nikamwambia hilo ndilo swali lililonileta.

Jumamosi nilikuwa nyumbani napiga pasi. Mama akaniita, "Njoo, Chumvi wako yuko kwenye kipindi." Nikaja na shati begani. Nilifurahi, na nakuandikia hivyo ili ujue nilianzia wapi. Miaka minane tumepanda majukwaa pamoja, Chumvi na Limau, kwenye kumbi ambazo maiki moja ilikuwa inashikwa kwa zamu, na sasa mmoja wetu kafika. Nilikaa kitako nicheke na wengine.

Ukaanza: "Baba yangu alikuwa fundi cherehani."

Nikadhani utageuza. Baba yako hajawahi kushona hata kifungo. Alipanga barua posta miaka thelathini na nne, amestaafu, na yu hai. Nilingoja ugeuze na hukugeuza. Ukamlaza hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Ukamfanya awapime madaktari kwa macho. "Daktari, bega lako la kushoto limeshuka nusu inchi. Aliyekushonea koti hilo ndiye wa kulazwa." Watu wakacheka hadi mwenye kamera akayumba.

Mama hakucheka. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda kile siku neno hilo lilipotoka kinywani mwa mumewe. Alizima runinga, akaenda kuoga, na alikuwa ameshaoga. Mwisho wa kipande chako niliutazama kwenye simu, jikoni, sauti ikiwa chini. Ulimaliza na neno lake la mwisho, lile la shuka. Ukafuta macho kwa kiganja.

Chumvi, yule ni baba yangu. Hadithi ile niliiandika mimi kwenye daftari la shule la mdogo wangu, mwaka mmoja baada ya kumzika, na tulipoipandisha jukwaani nilisimulia mimi, wewe ukiwa daktari wa koti. Hicho ndicho kilikuwa chako: koti.

Ninataka jambo moja. Kwenye kipindi hicho hicho, saa hiyo hiyo, useme fundi yule alikuwa baba wa nani. Nimeandika kwa herufi za kuachana ili usije ukasingizia mwandiko.

Limau

*

Tarehe 19 Machi

Limau wangu,

Mlinzi amenipa barua yako kama mtu anayekabidhi nyoka kwenye mfuko. Umemwambia nini?

Kwanza, samahani ya simu. Siku hizi hata simu yangu haijui namba yangu. Kipindi kila Jumamosi, podikasti wananitaka, na mwezi wa tano nina onyesho langu mwenyewe kwenye ukumbi mkubwa, ule ambao tulikuwa tunapita nje tukisoma mabango ya wengine. Uso wangu uko pale sasa. Meno yangu ni makubwa kuliko mlango.

Sasa hilo lako. Runingani ninapewa dakika sita. "Baba wa rafiki yangu ambaye nilikuwa nachekesha naye" ni dakika nzima imeshaenda na hakuna aliyecheka. Mtu akisimama jukwaani akasema "mke wangu", nani humwuliza cheti cha ndoa? Jukwaa si mahakama. Wewe mwenyewe ulishawahi kusema una waume watatu.

Na kuhusu runinga kunichukua mimi peke yangu, tulishazungumza. Mtayarishaji alitaka mtu mmoja. Sikuchagua mimi.

Lakini kuna jambo ambalo unaliruka, na naomba tulisimamishe hapa mezani. Neno la shuka hukulisikia wewe. Ulikuwa umeenda dirisha la dawa, mama yako amelala kwenye benchi la nje. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti. Mzee akashika ukingo wa shuka, akautazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Pindo hili limeshonwa na mtu mwenye haraka. Wakija kunifunika nalo usoni, mwambie binti yangu aligeuze. Sitaki nilale na aibu ya fundi mwingine." Aliniambia mimi, Limau. Nilikuletea wewe asubuhi ile, ukaligeuza pindo kwa mikono yako, tukacheka tukilia. Kwa hiyo usiniambie changu kilikuwa koti.

Njoo kwenye onyesho langu, nitakuwekea viti viwili vya mbele, wewe na mama. Na kama unataka kazi, nahitaji mtu wa kuniandikia. Jina halitatajwa, lakini kazi ipo.

Wako wa siku zote,
Chumvi

*

Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mimi pia ni mzima, na neno hilo ninakuomba ulisome mara mbili.

Nakuandikia kwa sababu nimekaa na barua za watu maisha yangu yote na najua barua haikatiki katikati kama simu zako. Wiki tatu zilizopita nilikwenda kunyolewa. Kinyozi aliponiona aliangusha kitana. Alikuwa ameshawaambia wateja wake kwamba nimefariki, na mmoja wao alishanisamehe deni la mchezo wa bao. Sikucheka. Kesho yake chama cha wastaafu wa posta kilituma wajumbe wawili na kitabu cha rambirambi. Nilifungua mlango mwenyewe. Yule mama mhasibu alipiga kelele, kisha akaniuliza kama afute kurasa zilizokwisha kuandikwa. Nilimwambia aniachie nisome. Watu wameandika mambo mazuri sana. Kumbe ilibidi kwanza nife.

Ndipo mtoto wa jirani akanionyesha kipande chako kwenye simu. Nilikitazama hadi mwisho, halafu nikakirudia.

Nina maswali. La kwanza: nimekukosea nini hata uniue mbele ya nchi nzima? La pili: kwa nini fundi cherehani? Kazi yangu ina aibu gani? Watu wa mji huu walioana, wakaachana na kuzikana kwa barua zilizopita kwenye vidole hivi.

La tatu ndilo linaloninyima raha. Mzee yule wa kwenye hadithi yako ni mtu mcheshi. Anamtania mwanawe. Mwanawe amekaa kitandani kwake, anamsikiliza, anamlilia. Mimi na wewe hatujawahi kuwa hivyo. Mimi niliporudi kutoka kazini nilikuwa nakula, nasikiliza taarifa ya habari, nalala. Nilikutazama ukimlilia baba yako, na mimi baba yako nimekaa kwenye kiti na kikombe cha chai, nikaona wivu. Mtu mzima kumwonea wivu marehemu, tena marehemu mwenyewe ni mimi.

Yule mzee ni wa nani?

Baba yako

*

Tarehe 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Pole sana kwa usumbufu. Usijisumbue na mambo ya yule mzee, si mtu wa kweli. Pale runingani kuna waandishi, wanakaa chumbani, wanatunga, mimi napewa karatasi. Hakuna aliyekufa.

Nina ombi dogo. Waandishi wa magazeti wanaweza kupita huko mtaani. Onyesho langu ni tarehe kumi na sita Mei, na walionipa mkataba wameuza tiketi kwa jina la "Hadithi za Kweli". Mpaka tarehe hiyo ipite, ingekuwa vizuri usitoke sana. Na kama mtu akikukuta mlangoni, unaweza kusema wewe ni baba yangu mdogo. Si uongo mkubwa. Mmefanana na ba'mdogo hata miwani.

Naomba radhi zako. Nitakuja nikipata nafasi.

Mwanao

*

Tarehe 14 Aprili

Chumvi,

Sikutaka kukujibu. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu aliyenipa viti viwili vya mbele nikatazame akimwuza baba yangu hana jibu la kupewa. Lakini yametokea mawili na siwezi kuyameza.

Alhamisi nilipanda pale ukumbi mdogo nyuma ya gereji, penye jukwaa la mbao za kreti. Watu kama sitini. Nikasema, nitaisimulia mwenyewe, hakuna wa kunizuia. "Baba yangu alikuwa fundi cherehani." Kijana wa meza ya pili akasema, bila hata ubaya, kama anayenisaidia: "Dada, hiyo ni ya runingani." Mwingine akacheka. Nikaendelea. Nilipofika kwenye bega la daktari, watu watatu walilisema kabla yangu. Yule kijana akainua simu juu, uso wako ukiwaka, ukisema maneno ya baba yangu kwa sauti yako, na ukumbi ukakusikiliza wewe. Mimi nimesimama na maiki mkononi.

Niliposhuka, mwenye ukumbi alinivuta pembeni. Mtu mwema, unamjua. Akaniambia, "Hapa hatufanyi vya kuiga, mdogo wangu. Tafuta vyako." Nikafungua mdomo nimweleze, nikaona tayari uso wake umeweka huruma, ile huruma ya kumsikiliza mwizi anayejitetea. Nikaufunga.

La pili ni podikasti. Niliisikiliza Jumapili nikipanga vitabu vya duka. Saa moja na nusu. Mwenye kipindi alikuuliza marehemu alizikwa siku gani na ukamwambia, bila kusita, siku ya mvua. Baba alizikwa jua kali. Ulikuwepo, ulishika jembe, ulichubuka kiganja. Ulikosa nini kwenye jua lile hata ukaongeza mvua? Kisha ukalia, na yeye akalia, kisha likaingia tangazo la magodoro.

Umesema shuka aliambiwa nani. Sawa. Uliambiwa wewe, na sikuwahi kusema vinginevyo. Lakini soma tena barua yako. Alisema "mwambie binti yangu". Alikupa kitu uniletee. Tangu lini mletaji akaitwa mwenye mzigo?

Kazi ya kukuandikia bila jina nimeshaifanya. Miaka minane.

Limau

*

Tarehe 20 Aprili

Kwa binti wa fundi,

Huenda unanikumbuka. Mimi ni baba yake Chumvi. Zamani mlikuwa mnafanyia mazoezi sebuleni kwangu na mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio ili mpunguze kelele, jambo ambalo sasa naliona halikuwa la kiungwana. Barua hii naipeleka kwenye duka la vitabu ambako nimeambiwa unafanya kazi.

Jumapili kwa kinyozi walifungulia podikasti ya mwanangu. Nilikuwa nimefungwa kitambaa shingoni, kwa hiyo sikuweza kuondoka. Akaeleza kwamba marehemu alikuwa akiweka chaki nyuma ya sikio hata kitandani, mpaka manesi wakakoma kuiondoa. Nikashtuka. Huyo mtu nilimjua. Nilipostaafu, fundi mmoja mwenye chaki sikioni alinishonea suti. Alinipima, akaniuliza ninafanya kazi gani, nikamweleza. Akasema, "Ndiyo maana mkono wako wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Ni wa kufikia visanduku vya juu." Hakuna mtu aliyewahi kuutazama mkono wangu. Nilipoambiwa baadaye kwamba fundi yule ni baba yako, na kwamba amefariki, nilimwagiza mwanangu pole. Sijui kama ilifika.

Mwanangu ameniandikia kwamba hadithi imetungwa na waandishi wa runinga. Ameniomba pia nijifanye baba yake mdogo. Nakueleza haya si kwa kumsengenya, ila nataka unijibu neno moja tu. Mzee yule ni baba yako, au mimi ni mzee ninayeona mambo?

Aliyekuwa posta

*

Tarehe 27 Aprili

Mzee wangu, shikamoo.

Nimesoma barua yako nimesimama, kati ya rafu mbili, na mteja aliyekuwa anataka kamusi ameondoka bila kamusi.

Ni baba yangu. Huoni mambo. Chaki ni yake, kitanda cha dirishani ni chake, madaktari ni wake. Mmoja alirudi baada ya mazishi na koti lake akatuuliza kama kuna mwanafunzi wa baba anayeweza kuliweka sawa. Pole yako haikufika. Imefika leo, na nimempa mama aisome.

Sitaki kukudanganya ili uniunge mkono, kwa hiyo na hili nakwambia: neno la shuka, lile la mwisho, baba alimwambia mwanao, si mimi. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya dawa. Mwanao alikesha pale siku mbili wakati ndugu zangu wa damu walikuwa na udhuru. Alimkata kucha. Ndiyo maana nina hasira hivi. Angekuwa mtu baki kaiba, ningetukana, nikalala. Huyu alikuwepo.

Usigombane naye kwa ajili yangu. Wewe ndiye baba aliye naye. Na umesema hamjawahi kuwa karibu kama yule mzee na mwanawe. Sijui, lakini mimi na baba pia hatukuwa hivyo kila siku. Alikuwa mkali. Wiki zile za hospitali ndizo zilimlegeza. Jukwaani nilichukua wiki tatu nikaziita maisha. Sisi wachekeshaji ndivyo tulivyo, hata walio waaminifu.

Binti wa fundi

*

Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Nimeongea na binti wa fundi kwa barua. Sasa najua, na najua pia kwamba ulinidanganya kwa maandishi, jambo ambalo mtu wa posta hawezi kulivumilia kabisa.

Nilikwenda dirishani nikakata tiketi ya onyesho lako kama mtu yeyote. Safu ya tatu, kiti cha kumi na moja. Nitavaa suti aliyonishonea marehemu. Utasema wewe, au nitasimama mimi. Uchague.

Kujificha ndani nimekataa. Jana nimetembea mtaa mzima, nikasalimia kila mlango.

Baba yako, si mdogo

*

Tarehe 6 Mei

Limau,

Umefurahi? Umemchukua mzee wa miaka sabini, mwenye shinikizo la damu, ukamgeuza bunduki. Ungenitukana mtandaoni ningekuelewa. Lakini baba yangu?

Wewe hujui nimesimama juu ya nini. Nimetia saini kwamba kila ninachosema ni changu na ni kweli. Kila sentensi. Nikifungua mdomo pale, runinga inakwenda, podikasti inakwenda, na bango linashushwa na mtu kwenye ngazi mchana kweupe watu wakitazama. Nitarudi kwenye harusi. Nina miaka thelathini na sita.

Mwambie asije. Anakusikiliza wewe. Nitaisema yote baada ya onyesho, mwezi wa saba, nikiwa nimejipanga. Nakuomba. Mimi ndiye niliyekaa na mzee wako. Kumbuka hilo kidogo.

Chumvi

*

Tarehe 9 Mei

Chumvi,

Sikumtuma. Nilimwambia asigombane nawe, barua ipo, mwulize. Kama unadhani mtu mwenye miaka sabini anahitaji kutumwa ili akatae kuwa maiti, basi baba yako humjui.

Na nimechoka kukumbushwa kwamba ulikaa naye. Wema ule ulikuwa wema mpaka ulipoanza kuutolea risiti.

Siji kwenye onyesho. Sitaki kuona lolote kati ya hayo mawili, wewe ukisema kweli au baba yako akikusemea.

Limau

*

Tarehe 21 Mei

Limau,

Nimeanza barua hii mara nne na mara zote ilikuwa na mzaha kwenye mstari wa kwanza. Nimeuchana. Nitaeleza tu.

Ukumbi ulijaa. Nilipotoka nilimwona papo hapo. Suti ya kijivu, miwani, mikono juu ya magoti kama anayengoja kuitwa ofisini. Nilichekesha nusu saa bila kumtazama. Kisha mdomo wangu, kwa mazoea, ukasema, "Baba yangu alikuwa fundi cherehani," na nikaona anaanza kushika mikono ya kiti ili asimame.

Nikasema, "Hapana. Baba yangu ni yule pale. Yu hai. Nimewadanganya."

Wakacheka, Limau. Ukumbi mzima. Walidhani ndio mwanzo wa kipande. Nikasema, "Ni kweli, fundi alikuwa baba wa mwenzangu, Limau, niliiba." Wakacheka zaidi. Baba akasimama akasema, "Msicheke, mimi ndiye ninayesemwa marehemu," na watu wakapiga meza, mwanamke mmoja akainama anashika mbavu. Nikalia, wakapiga makofi. Nilisema kweli yote, na kila kweli ililipuka kama mzaha bora nilioutoa maishani. Hawakuniamini. Nimewafundisha mimi mwenyewe wasiniamini.

Baba alisubiri kelele zipungue. Hazikupungua. Akachukua kofia yake akatoka katikati ya safu, akiomba radhi kwa kila aliyempisha, na wakamshangilia mpaka mlangoni.

Jumatatu runinga wamenipigia. Hawakuwa na hasira. Mtayarishaji alisema lile la "baba aliyefufuka" ni bora kuliko yote, wanataka nilirudie kila wiki, na wako tayari kumlipa mzee aje asimame. Nilimwambia haikuwa igizo. Akasema, "Endelea hivyo hivyo, usiharibu."

Usiku ule wa onyesho sikwenda kwenye sherehe. Nilikwenda kwa baba. Alikuwa ameshavua suti, ameitundika vizuri. Nikangoja anifukuze. Akasema, "Kaa, ule." Tukala. Akazima redio. Hajawahi kuzima redio.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya barua niliyowapelekea runinga na wale wa podikasti, kwa jina langu la kitambulisho, mbele ya wakili. Humo hakuna wa kucheka. Nimeandika hadithi ni ya nani, tangu lini, na kwamba siwezi tena kipindi. Nimepeleka nakala kwa mwenye ukumbi wa nyuma ya gereji pia.

Na kuna kingine kimo humo, aya ya tatu, nakuomba ukisome ukiwa umekaa. Mtayarishaji hakutaka mtu mmoja. Alitaka Chumvi na Limau. Nilimwambia umeacha kazi hii baada ya msiba, kwamba huwezi tena. Nilimwambia hivyo kwenye simu, nikiwa nimesimama nje ya duka lako, nakuona kupitia kioo.

Chumvi

*

Tarehe 19 Juni

Chumvi,

Aya ya tatu niliisoma nimesimama. Sikupenda kuambiwa nikae.

Nilikaa na barua yako wiki nne. Nilikuwa nimeanza kulainika nilipofika kwenye redio ya baba yako, nakiri, kisha ukurasa ukageuka. Kwa hiyo nilikuwa dukani, nikimweleza mtu bei ya daftari, nawe uko nje ya kioo unanizika. Umezika wawili kwa simulizi moja, na wote wawili wazima. Aliyekufa kweli ndiye uliyemfufua kwa jina la mwingine. Nimelifikiria hili nikioga, nikila, nikihesabu vitabu, na kila nikidhani nimelimaliza linaanza upya.

Magazeti yameandika kuhusu barua yako siku mbili, halafu yakahamia kwa mchezaji mpira. Runinga wamenipigia. Mtayarishaji yule yule. Alisema sasa "stori imekuwa kubwa" na wangependa tuje wote wawili tupatane mbele ya kamera. Nilimwambia niko kwenye kikao.

Alhamisi iliyopita mwenye ukumbi aliniita. Aliomba radhi mbele ya wapishi wake, jambo ambalo nililipenda. Nikapanda. Baba yako alikuwepo, na mama yangu pembeni yake, wamekaa kama watu waliofahamiana kanisani. Niliposema "baba yangu alikuwa fundi cherehani," mtu wa nyuma akaanza: "Hiyo si ya—" Mzee akageuka, hakuinuka hata kidogo, akamwambia, "Kijana, ile ya runingani ilikuwa yangu, na mimi sijafa. Sikiliza ya mwenyewe." Yule mtu akavuta kiti, akakaa.

Nikasimulia yote. Safari hii niliwaambia pia alikuwa mkali, kwamba aliwahi kunifumulia gauni la kuhitimu mara tatu usiku wa kuamkia sherehe. Na nilipofika kwenye shuka nilisema kweli: sikuwepo, nilikuwa kwenye foleni, aliyeambiwa alikuwa rafiki yangu, naye akanifikishia bila kupunguza neno. Wengine walijua ni nani. Hakuna aliyezomea. Mama alicheka. Ni mara ya kwanza kucheka kwenye kipande hicho, tena alicheka mapema, kabla ya wengine, kama mtu anayemjua anayesemwa.

Tulipotoka baba yako aliniuliza kama nina neno la kukupelekea. Nilimwambia nitaandika mwenyewe. Ndilo hili. Umefanya ulilopaswa kufanya, nalo nimeliona. Hasira zangu bado zipo, ni nyingi, na ni halali yangu. Usije ukaziomba radhi ili ziishe haraka. Zikiisha nitakujulisha. Usiniandikie kuniuliza zimefika wapi.

Limau